Mchikichini: Mtaa Tulikojifunza Kuanza Upya

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, simu yangu huanza kuita. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya kata mkoani Morogoro, na wanaonipigia ni wazazi ambao watoto wao hawakufika walikotarajia. Huniuliza kama kuna faida ya kurisiti, yaani kurudia mtihani, ni masomo mangapi yafaa kurudiwa, na gharama yake ni kiasi gani. Swali la mtoto akae wapi huja mwishoni, tena kwa haraka, kana kwamba popote panapopatikana kitanda panatosha. Kwangu mimi hilo ndilo swali lililobeba mengine yote. Nilirisiti mwaka 2013 nikiwa Mchikichini, Ilala, jijini Dar es Salaam, na nimeona niandike kwa urefu yale ambayo hayamaliziki kwenye simu: mtaa ule ulivyokuwa, ulivyonitendea, fedha zilivyokwenda, na mambo ambayo mtu anayekwenda kujiandaa kwa mtihani katikati ya jiji ni vema ayajue kabla hajapanda basi.

Matokeo yetu yalitangazwa tarehe 18 Februari 2013. Wanaoikumbuka siku ile hawahitaji kusimuliwa sana. Zaidi ya watahiniwa 240,000, yaani takribani sita katika kila kumi, walipata sifuri, nami nilikuwa miongoni mwao. Shule yetu ilikuwa wilayani Kilosa, mojawapo ya shule za kata zilizojengwa kwa kasi katika miaka ya 2000, wakati madarasa yalipoongezeka upesi kuliko walimu. Fizikia tuliisoma kwa muda mrefu bila mwalimu, na Hisabati tulifundishwa na kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kusubiri kwenda chuo. Nayataja haya kwa sababu mtu anayepata sifuri huamini kwamba kichwa chake ndicho kibovu, na imani hiyo humdhuru kuliko sifuri yenyewe. Niliacha kwenda kisimani mchana ili nisikutane na watu. Mama alinitetea kwa majirani, baba akanyamaza, na ule unyamavu wake uliniumiza kuliko maneno ya wote.

Baadaye Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume ya kuchunguza, na mwezi Mei mwaka huohuo serikali ikaagiza matokeo yapangwe upya. Sifuri yangu ikageuka daraja la nne. Nyumbani walifurahi, lakini daraja la nne lenye C moja ya Kiswahili halimpeleki mtu kidato cha tano, ambako hutakiwa walau C tatu. Wakati huo tayari nilikuwa Dar es Salaam. Baba alikuwa ameuza mpunga aliouweka akiba kwa ajili ya mbegu na chakula, akanikabidhi fedha mbele ya mama, na kusema, “Mwanangu, kasome. Hapa tutajibana.” Nilipelekwa kwa shangazi yangu aliyekuwa akiishi Tabata.

Ni shangazi aliyeitaja Mchikichini. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Dar es Salaam wamelijua jina hilo kwa twisheni, na yeye mwenyewe alikuwa na mtoto aliyepita huko. Kata yenyewe ni ndogo, imebanwa kati ya Kariakoo na Ilala, na upande mmoja inashuka hadi Bonde la Msimbazi. Barabara ya Uhuru na Barabara ya Kawawa ndizo zinazoileta dunia mlangoni pake. Mgeni huona kwanza Soko la Karume, na mitumba yake iliyotundikwa hadi juu ya kichwa, kisha Uwanja wa Karume, yaliko makao ya shirikisho la soka, na kiwanda cha bia ambacho siku nyingine hutoa harufu ya kimea inayoingia hadi madarasani. Nyuma ya hayo yote zimo nyumba za Kiswahili za zamani: korido katikati, vyumba pande mbili, ua wa nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele ambako wazee hucheza bao na wanafunzi huketi na madaftari yao magotini.

Siku ya kwanza niliogopa. Nilikuwa nimezoea shule kuwa mahali penye uzio, kengele na sare. Pale darasa lilikuwa popote palipokuwa na ubao: vyumba vya shule ya msingi baada ya watoto kuondoka, ukumbi wa kukodi, ghala lililotolewa mizigo, hata banda la mabati lililoongezwa uani kwa mtu. Matangazo ya karatasi yalibandikwa juu ya matangazo mengine kwenye nguzo za umeme, kila moja likiwa na jina la somo na jina la utani la mwalimu. Katika chumba cha Kemia tulijaa kwenye mabenchi hadi wengine wakasimama madirishani na kuandika wakiwa wameegemeza daftari ukutani. Mwalimu aliingia mikono ikiwa na chaki tu, akauliza, “Nani hapa alipata F ya Kemia?” Mikono ikanyooka chumba kizima. Akasema, “Vizuri, basi tunaelewana. Tuanze na atomu.” Sijasahau jinsi mabega yangu yalivyolegea wakati ule. Miezi mitatu nilikuwa nimebeba kitu nilichodhani ni changu peke yangu, na sasa nimekaa katikati ya watu waliobeba kitu kilekile, wengine wakiwa na umri wa mama yangu.

Hilo ndilo jambo ambalo shule haikuweza kunipa na mtaa ukanipa. Kushoto kwangu aliketi mama mwenye watoto wawili aliyekuwa akijiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule ambao mtu asiyepita sekondari ya kawaida huufanya kwanza ndipo aruhusiwe kufanya wa kidato cha nne. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi Buguruni, na jioni anakuja darasani akiwa amebadili khanga. Nyuma yetu alikaa askari aliyehitaji cheti ili apande cheo, na kando yake mvulana wa shule ya kulipia yenye jina kubwa ambaye wazazi wake walimleta kwa gari na kumshusha mbali kidogo ili asionekane. Mwalimu hakumtofautisha yeyote. Aliyejibu alisifiwa, asiyejua alielekezwa, na asiyelipa alifuatwa kwa upole hadi alipie. Katika mji ambao mtu huulizwa kwanza anafanya kazi wapi na amesoma shule gani, nilipata sehemu ambayo swali lilikuwa moja tu, nalo ni mada gani inakusumbua.

Kuhusu walimu nataka niwe mkweli, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wapo waliokuwa wameajiriwa shuleni na kufundisha jioni, wapo wanafunzi wa vyuo vikuu waliojitafutia ada, na wapo ambao sifa yao kubwa ilikuwa kuchekesha. Mwalimu anayechekesha hujaza darasa, na mtu hutoka mle akiwa na furaha na daftari jeupe. Utaratibu wa mtaa uliruhusu mgeni kuingia kipindi cha kwanza bila kulipa, na mtu mwenye busara aliutumia kikamilifu. Niliambiwa na yule mama wa vitumbua nitazame mambo mawili kwa kila mwalimu mpya: kama anatatua swali hatua kwa hatua hadi jibu la mwisho bila kusema “malizieni nyumbani,” na kama anayeuliza swali la kijinga hujibiwa bila kuaibishwa. Kwa kipimo hicho niliacha mwalimu wa Fizikia aliyesifiwa na kila mtu, nikamfuata kijana mmoja mnyenyekevu aliyefundishia kwenye banda la mabati lenye joto kali. C yangu ya Fizikia ilitoka kwenye banda lile.

Jambo jingine ni madesa. Kila mwalimu aliuza pamfleti zake, na ukizikusanya zote utakuwa na mzigo wa kilo kadhaa na fedha za chakula cha mwezi zimekwisha. Nilichojifunza ni kwamba desa moja la kila somo linatosha, mradi liambatane na mitihani ya nyuma. Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita ziliuzwa kwa bei nafuu Kariakoo, zikiwa zimepigwa chapa na kubanwa pini, na hizo ndizo zilizokuwa kitabu chetu halisi. Tulizifanya kwa saa, saa mbili na nusu au tatu kama karatasi ilivyoagiza, tukikaa kimya barazani huku mmoja wetu akishika muda. Kisha tulisahihishana. Mtu akifanya hivyo mara nyingi huanza kuona kwamba watunga mtihani wana tabia zao, na kwamba mada fulani hurudi kila mwaka kwa sura mpya.

Sasa gharama. Twisheni nililipa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila somo, nami nilikuwa na masomo matano: Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Usafiri ndio ulioniumiza. Nauli ya daladala ilikuwa imepanda mwaka ule hadi shilingi 400 kwa mtu mzima katika safari fupi, na mrisiti hana sare, kwa hiyo konda hamhesabu kama mwanafunzi hata akimwonyesha daftari. Kutoka Tabata hadi Karume na kurudi, kila siku, pamoja na maji na andazi, kiliondoka kiasi ambacho mwisho wa mwezi kilikaribia ada ya masomo yote. Ongeza foleni ya Buguruni. Nilitoka kwa shangazi mchana, nikarudi saa nne usiku, nikala, nikalala. Muda wa kusoma kile nilichofundishwa haukuwepo. Wazazi wengi huona kwamba kumweka mtoto kwa ndugu ni kuokoa fedha. Inategemea ndugu yuko wapi. Saa tatu ndani ya daladala kila siku ni gharama, ingawa hakuna anayezitolea risiti.

Ndipo tukakubaliana wasichana watatu kupanga chumba Mchikichini kwenyewe. Chumba kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, jambo la kawaida Dar es Salaam. Shangazi alikasirika kwanza, akaona nimemkimbia. Ilibidi baba ampigie simu na kumwomba radhi, na mimi nikaenda kulala kwake kila Jumamosi kama ishara kwamba undugu haujavunjika. Kwa anayesoma haya na kufikiria hatua hiyo: zungumza na mwenyeji wako kabla hujahamisha hata begi moja, maana siku utakayougua Mchikichini ndiye utakayempigia.

Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi aliyezaliwa mtaani palepale, mjane, mwenye sauti ndogo na masharti makubwa. Tulimwamkia shikamoo asubuhi na jioni, naye akaitikia marahaba na kutuuliza tumesoma nini. Hakuwa na elimu ya sekondari, lakini aliwahi kupangisha wanafunzi kwa miaka mingi, na alijua kalenda ya mtihani kuliko sisi. Mwezi Agosti alisimamisha redio ya uani baada ya saa mbili usiku. Mwezi Septemba akakataza wageni wa kiume hata barazani, na mpangaji mmoja aliyelalamika akaambiwa atafute nyumba nyingine. Umeme ulipokatika, alituwashia taa ya kandili ukumbini na kutuambia tusome pamoja, “kwa sababu mafuta ni ya mmoja lakini mwanga ni wa wote.” Hatukumlipa chochote cha ziada kwa hayo. Nimeishi nyumba nyingi tangu wakati ule na sijawahi kupata mwenye nyumba aliyejiona ana sehemu katika mtihani wa mpangaji wake.

Mtaa mzima ulikuwa na namna hiyo. Mama lishe wa kona alituuzia wali maharage kwa shilingi 1,500, na mwisho wa mwezi fedha zikipungua aliandika deni kwenye daftari lake na kutuongezea mchuzi bila kuombwa. Muuza duka aliweka kalamu na betri za tochi mbele, mahali ambapo maduka mengine huweka pipi. Vijana wa Karume, ambao watu wa mbali huwaogopa, walitufahamu kwa sura na walitusindikiza usiku twisheni ilipochelewa kuisha. Nilijifunza pia kupanga ratiba kwa sauti za mtaa. Makao ya Simba yapo Msimbazi na ya Yanga yapo Jangwani, kwa hiyo siku ya mechi kubwa hakuna mtu anayeweza kukokotoa hesabu baada ya saa kumi jioni. Siku hizo tulisoma alfajiri, kati ya adhana ya kwanza na muda ambao wachukuzi wa mizigo wanaanza kupita. Saa ile mtaa huwa na hewa ya baridi kidogo kutoka bondeni, na nilikariri mzunguko wa Krebs, hatua ambazo seli hutumia kupata nishati, ambao haukuwa hata kwenye silabasi yetu, kwa raha tu ya kuona kichwa kinakubali.

Yapo magumu ambayo siwezi kuyapita. Joto la Januari na Februari ndani ya chumba chenye paa la bati huzuia usingizi. Maji yalikuja kwa zamu, na ndoo ya kununua ilikuwa na bei yake. Mvua za masika zinapokuwa kubwa, Mto Msimbazi hufurika na barabara ya Jangwani hufungwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa bado midomoni mwa watu wote tulipofika, maana kaya nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande baada ya hapo. Mwaka ule niliorisiti pia Mtaa wa Msimbazi ulikuwa umechimbuliwa kwa ujenzi wa barabara ya mabasi yaendayo haraka, kwa hiyo kwenda Kariakoo kununua karatasi ilikuwa kupita katikati ya vumbi na kurudi na koo linalokwaruza. Mwenzangu mmoja wa chumbani aliugua malaria mara kwa mara na akapoteza wiki nyingi za masomo. Chandarua kiwe kitu cha kwanza kununuliwa, kabla ya desa lolote. Na chumba kikaguliwe wakati wa mvua, au angalau majirani waulizwe maji hufika wapi. Kodi ya chini karibu na bonde ina sababu yake.

Siku nyingine tulikuwa tukitembea kwa miguu kufuata Barabara ya Uhuru, tukapita Mnazi Mmoja hadi Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo lililofunguliwa mwaka 1967. Nje ya jengo lile ni jiji lenye honi. Ndani ni kimya na meza pana. Twisheni ilinipa mbinu, lakini kuelewa kwa utulivu nilikupata mle, nikiwa na vitabu ambavyo shule yetu ya Kilosa haikuwahi kuwa navyo. Mrisiti anayekaa Mchikichini na asiyekwenda maktaba ile anaacha nusu ya faida ya kukaa pale. Wengi wetu tulipita mbele yake tukielekea Posta kwa shughuli nyingine bila kujua kwamba tunaruhusiwa kuingia.

Oktoba huja na ugonjwa wake. Vijana wenye sura za siri huanza kuzunguka wakisema pepa limevuja, na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha mtu atapata maswali ya Hisabati na ya Baiolojia. Msichana mmoja wa nyumba ya jirani alitoa fedha zote alizotumiwa na kaka yake kwa ajili ya chakula, akapewa karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akazisoma hizo peke yake kwa wiki mbili za mwisho. Hakukuta hata swali moja. Nilimwona akitoka chumba cha mtihani, na bado sura yake inanijia ninapowaambia wanafunzi wangu wasitoe hata shilingi moja. Licha ya fedha, anayekutwa na karatasi iliyovuja hufutiwa matokeo. Baraza hufuta pia matokeo ya wanaokutwa wamefanana majibu. Hakuna mtu aliyewahi kuokolewa na njia hiyo ambaye mimi namfahamu.

Siku chache kabla ya mtihani serikali ilitangaza upangaji mpya wa alama, wenye B+ na E ndani yake, na mtaa ukachanganyikiwa. Watu waliacha kusoma wakaanza kubishana alama ngapi ni C. Mwalimu wetu wa banda la mabati alikata mjadala kwa kutuandikia swali refu la mkondo wa umeme na kukaa chini. Ilituchukua kipindi kizima. Alipomaliza kusahihisha akasema upangaji ni kazi ya wizara na kujibu ni kazi yetu, kila mmoja afanye ya kwake.

Mtihani wenyewe ulikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, isipokuwa kwa jambo moja la kusikitisha katika kundi letu. Yule mama wa vitumbua alifika kituoni na kukuta majina yake yameandikwa tofauti na yaliyo kwenye cheti chake cha awali, herufi mbili tu, na usumbufu uliofuata ulimtoa machozi kabla hajaona swali la kwanza. Alifanya mtihani, lakini kurekebisha majina baadaye kulimgharimu safari na fedha. Mtahiniwa wa kujitegemea hana shule ya kumlinda katika mambo haya. Usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani wa Novemba, anayechelewa hulipa faini, na baada ya hapo mlango hufungwa kabisa. Majina yafuate cheti cha zamani herufi kwa herufi, namba ya mtihani wa kwanza iandikwe bila kosa, na karatasi ya uthibitisho wa usajili ihifadhiwe mahali ambapo panya na mvua havifiki. Kwa wanaorudia sayansi, kuuliza mapema kituo kina maabara gani na vitendo vitafanyikaje ni muhimu kuliko ukaribu wa kituo na nyumbani.

Nilipata C tatu zilizokuwa zimenikosesha usingizi, pamoja na B ya Baiolojia. Yule askari alifaulu pia. Mwenzangu aliyekuwa akiugua malaria alirudia tena mwaka uliofuata na akapita. Mimi nikaenda kidato cha tano katika shule ya kulipia, na likizo zote nilirudi Mchikichini, mara nyingine kwa ajili ya twisheni ya kidato cha sita, mara nyingine kumwona bibi tu. Alikuwa ameweka orodha ya majina ya wapangaji wake wanafunzi nyuma ya mlango wa chumba chake, na kila aliyefaulu alimwekea alama ya chaki. Alipofariki, tulikutana msibani watu ambao hatukuwahi kujuana, daktari, fundi wa umeme, karani wa mahakama, wote tukiwa tumelala katika vyumba vilevile kwa miaka tofauti. Tulichangishana, tukakaa matanga, tukaelezana chumba gani kilivuja wakati wa nani.

Naupenda mtaa ule kwa sababu ulinipokea wakati ambao hata mimi nilikuwa nimejikataa. Napenda kelele zake, baraza zake zilizochakaa, ubao wake uliopasuka, na namna mtu wa pale anavyomuuliza kijana, “Mtihani lini?” kama anavyomuuliza mkulima kuhusu mvua. Na nina wasiwasi nao. Soko la Karume liliungua usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mitaji. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi umewaondoa wakazi wengi wa bondeni kwa fidia. Nyumba za Kiswahili zinauzwa moja moja, na panapobomolewa baraza panasimama ghorofa lenye fremu za maduka na geti. Sikatai mji kubadilika, na mtu aliyekaa ndani ya maji ya mafuriko ana haki ya kuhamia mahali pakavu. Ila nyumba yenye vyumba vya bei ya chini, mwenye nyumba anayeishi humohumo, na ua ambapo watu kumi wanaweza kukaa na ubao mmoja, ndiyo iliyotusomesha, na wanaopanga mji wakiihesabu kuwa uchakavu tu watakuwa wameondoa shule isiyo na jina kwenye orodha yoyote.

Siku hizi masomo yapo pia kwenye simu, na nawaambia wanafunzi wangu wayatumie. Mzazi anayeweza kumpa mtoto simu, intaneti na chumba tulivu nyumbani anaweza kuokoa kodi na nauli. Kwa yule ambaye nyumbani amebaki peke yake na aibu, bado nashauri aende mahali walipo wengine wanaorudia, iwe Mchikichini au mtaa wa namna hiyo katika mji wa karibu. Afike Januari, mara matokeo yanapotoka, akiwa na cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani na fedha ya usajili iliyotengwa kando, asiiguse kwa lolote jingine. Akae wiki mbili za mwanzo kwa ndugu huku akizunguka madarasani bila kulipa, akisikiliza na kulinganisha. Masomo asichukue zaidi ya anayoweza kuyafanyia mazoezi kila siku; kwa wengi ni manne au matano. Chumba akitafute kwa miguu, kwa kuwauliza mama lishe na wauza maduka, kabla ya kumpa dalali fedha ya kumwonyesha, na amwone mwenye nyumba mwenyewe ana kwa ana. Kama mwenye nyumba anaishi hapohapo na amewahi kupangisha wanafunzi, alipe kodi.